Kioo cha mbele kimekwaruzika: kupolishi au kubadilisha? Wenye magari Malindi na Lamu, tuzungumze

MkaaMaweni (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Wa Malindi, Watamu, Mambrui hadi Lamu, nawasalimu nyote.

Mimi ni fundi vioo, na swali hili naulizwa kila wiki: "Fundi, mikwaruzo hii itatoka kwa kupolishi au ndio ninunue kioo kipya?" Anayeuliza huwa tayari ameshapewa majibu mawili huko nje. Mmoja kamwambia hakuna mkwaruzo usiotoka, alete gari asubuhi achukue jioni. Mwingine kamwambia kioo kikishakwaruzika hakina dawa, atafute pesa. Wa kwanza anauza kazi ya mikono, wa pili anauza kioo. Mimi nafanya zote mbili, kwa hiyo nitasema kama mtu asiye na upande.

Kabla hujauliza bei, tazama mambo mawili: mkwaruzo umeingia kiasi gani, na umekaa wapi mbele ya macho ya dereva. Osha kioo, kikaushe, pitisha ukucha taratibu kukatiza mkwaruzo. Ukucha ukipita bila kunasa, mkwaruzo huo unaweza kutoka, au ukafifia hadi usikusumbue. Ukucha ukinasa, na mkwaruzo uko mbele ya dereva, badilisha kioo. Hapo sina maneno mawili, na nitaeleza kwa nini.

Kioo cha mbele hakifanani na vioo vya milango. Cha mlangoni kwa magari mengi ni kioo kimoja kilichochomwa kisha kikapozwa ghafla, ndiyo maana kikivunjika humwagika chembechembe. Cha mbele ni vioo viwili vilivyobanana, na katikati mna utando wa plastiki wenye unene wa milimita 0.76 hivi. Jiwe likikipiga, vipande hubaki vimeshikwa na ule utando. Fikra hiyo alikuja nayo Mfaransa Édouard Bénédictus, mkemia aliyeona chupa ya maabara imeanguka, ikapasuka, isitawanyike, kwa sababu ndani yake kulikuwa na utando wa selulosi uliokauka. Hati miliki aliipata mwaka 1909. Nayataja haya kwa sababu unapopolishi, unakula kile kioo cha nje peke yake, na unene wake ni milimita 2 na kitu. Ukikitoa hakirudi.

Sasa, mikwaruzo yenyewe inatoka wapi? Kwa magari ya hapa kwetu, mingi ni ya waipa na mchanga. Na mchanga si wa aina moja. Ule mweupe wa Watamu mwingi wake ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs uko kwenye 3 hadi 4, na kioo kiko kwenye 5 na nusu hivi. Kwa hiyo peke yake ule si adui mkubwa. Lakini mchanga wa Malindi mjini na Mambrui huletwa na Mto Sabaki kutoka bara. Huo una kwarzi, ambayo ugumu wake ni 7, na una yale madini mazito ya titaniamu unayoyaona meusi yaking'aa ufuoni. Kaskazi inavuma, mvua hakuna, rasharasha ya chumvi ya bahari imekaa juu ya kioo na vumbi limeganda hapo. Dereva anaingia garini, anabonyeza waipa kioo kikiwa kikavu. Hapo ameuburuta mchanga wa Sabaki kutoka upande huu hadi ule. Akifanya hivyo kila asubuhi, baada ya misimu michache kioo kina upinde wa mikwaruzo myembamba, sawasawa na njia ya waipa.

Mikwaruzo hiyo myembamba ndiyo polishi inayoiweza. Dawa yake ni unga wa oksidi ya seriamu, unga wa rangi ya krimu au waridi hafifu. Unakorogwa na maji hadi uwe mzito kama uji mwepesi, unasuguliwa kwa pedi ya sufu iliyoshindiliwa, kwa mashine inayozunguka polepole. Zamani mafundi wa lenzi walitumia oksidi ya chuma. Seriamu ikaishinda kwa sababu haifanyi kazi ya kukwangua tu. Pamoja na maji, inashikana na uso wa kioo kikemikali na kuuondoa kidogo kidogo, sehemu ndogo mno ya milimita, kisha uso unabaki laini. Ndiyo maana kazi hii ni ya masaa. Anayekuambia dakika 20 ama hajawahi kuifanya, ama anatumia kitu kingine.

Mambo ambayo fundi asipoyafuata, muondolee gari lako:

Afanye kivulini. Kioo kilicholala jua la Malindi tangu asubuhi kina moto wake tayari, na msuguano unaongeza mwingine. Kioo hakisafirishi joto vizuri, kwa hiyo pale pedi ilipo panapata moto na pembeni pamebaki na ubaridi, na tofauti hiyo inaweza kukipasua. Awe na chupa ya kunyunyizia maji na pedi isikauke hata mara moja. Awe anagusa kioo kwa kiganja. Kikiwa cha moto kiasi cha kuondoa mkono, asimame. Na kama kioo kina ufa au kidonda cha jiwe popote pale, asikiguse kwa mashine kabla hilo halijashughulikiwa.

La mwisho kabla sijawaachia uwanja: asisugue mkwaruzo peke yake. Asugue eneo pana, akififisha kuelekea pembeni. Ukichimba mahali pamoja, umetengeneza kibonde, na kibonde kwenye kioo ni lenzi. Ukitazama barabara kupitia hapo, mtu anayevuka anaonekana amepinda, au mwendesha bodaboda anaonekana pasipo mahali pake. Hii ndiyo sababu nasema mkwaruzo unaonasa ukucha mbele ya dereva haupolishiwi. Ili uutoe wote ni lazima ushushe kioo chote cha pembeni yake hadi ufike chini ya mkwaruzo. Ukimaliza, mkwaruzo haupo, na badala yake una lenzi mbele ya uso wako.

Bei siandiki, inabadilika kwa gari na gari. Ulizeni.

NjiaYaGarsen

Wa aleikum salaam fundi. Uzi wa maana huu. Mimi napiga safari za usiku Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe. Mchana kioo changu ni kizuri, abiria hawezi kuona kitu. Usiku lori likinijia na taa, kioo chote kinakuwa cheupe. Sioni pembe ya barabara, sioni ng'ombe. Nimefuta ndani na nje kwa sabuni, wapi. Je, hiyo ni mikwaruzo au nahitaji miwani?

MkaaMaweni

@NjiaYaGarsen yakhe, macho kapimwe pia, si vibaya, lakini unavyoeleza ni kioo. Mikwaruzo myembamba mingi hutawanya mwanga. Mchana mwanga unatoka kila upande kwa hiyo huioni. Usiku mwanga unatoka mahali pamoja, kwenye taa za lori, na kila mkwaruzo unaushika na kuurusha kwenye jicho lako. Ni hivyo hivyo jua likiwa chini: anayetoka mjini jioni kuelekea Kakoneni na Sala Gate, jua liko usoni mwake, anajua ninachosema.

Fanya hivi leo magharibi ikishaingia. Egesha gari, mtu asimame mbele hatua kadhaa na tochi ya simu, wewe ukae kiti cha dereva. Utaona duara za nyuzi nyembamba kuizunguka ile tochi. Ukiona nyuzi zinafuata upinde wa waipa, umempata mwizi. Zisiponasa ukucha, wewe ndiye mtu wa kupolishi hasa. Kioo kama chako nimekiona kikirudi vizuri sana.

Na badilisha raba za waipa kabla ya kazi, si baada ya kazi. Jua letu linazikausha zikawa ngumu na kupasuka kingo. Raba ikiisha, chuma cha waipa ndicho kinachopita juu ya kioo, na huo ndio mkwaruzo wa kunasa ukucha.

FundiWaNgomeni

Mwanzisha uzi nakuheshimu lakini hapa unawatisha watu. Mimi ni fundi kama wewe. Mkwaruzo wa kunasa ukucha nautoa. Naanza na msasa wa maji, ule laini, naupanda daraja kwa daraja, kisha namalizia na seriamu. Wateja wameondoka wameridhika. Kioo kipya lazima kiagizwe Mombasa, kilomita 120 kwa matatu, na wakati mwingine kikifika kimepasuka. Mwenye probox ya kubebea samaki atapata wapi pesa ya hayo? Wewe unamwambia "badilisha, sina maneno mawili." Maisha hayako hivyo.

MkaaMaweni

@FundiWaNgomeni karibu sana, na shukran kwa kusema wazi. Kuhusu pesa uko sahihi na silipuuzi. Kuhusu msasa, tuzungumze kifundi.

Msasa wa maji kwenye kioo unafanya kazi, sikatai. Unashusha kioo haraka kuliko seriamu. Tatizo ni kwamba unakishusha haraka mahali ulipoweka kidole. Hata ukitumia kibao cha kushikia, kioo cha mbele kimepinda, si bapa, kwa hiyo kibao kinagusa katikati zaidi ya pembeni. Ukimaliza daraja zote na seriamu juu yake, kioo kinang'aa, ukikitazama kwa karibu hakina doa, na mteja anaridhika kwelikweli. Lakini kung'aa na kunyooka ni mambo mawili. Mteja wako alikitazama kioo. Hakutazama kupitia kioo.

Kipimo nakuomba ufanye wewe mwenyewe, kwa gari ulilolifanyia kazi. Kaa kiti cha dereva, tafuta mstari ulionyooka mbali kidogo: nguzo ya stima, nyaya zake, au ukingo wa paa la bati. Utazame kupitia pale ulipopolishi huku ukisogeza kichwa polepole kulia na kushoto, juu na chini. Mstari ukibaki umetulia, kazi yako ni safi na nakuvulia kofia. Ukiona mstari unatetemeka au unajikunja unapopita pale, hiyo ni lenzi. Dereva akipita hapo kwa mwendo wa kilomita 80 macho yake yatahangaika bila yeye kujua kwa nini, na safari ndefu itampa kichwa.

Tunakubaliana wapi? Mkwaruzo wa kunasa ukucha ulio upande wa abiria, au chini kabisa karibu na boneti, au pembeni asikotazama dereva: pale sina ugomvi na msasa wako. Mtu wa probox ya samaki apunguziwe gharama pale. Lakini mbele ya usukani, hapana. Uingereza kwenye ukaguzi wao wa kila mwaka wamechora ukanda wa milimita 290 mbele ya dereva, katikati yake ni usukani, na ndani ya ukanda huo hawaruhusu dosari inayozidi milimita 10. Nje ya ukanda, ndani ya eneo la waipa, wanaruhusu hadi milimita 40. Hiyo ni sheria ya kwao, haitubani sisi. Lakini naipenda kwa sababu inasema kitu cha kweli: kioo kimoja kina sehemu mbili, na sehemu ya dereva haina masihara. Kanuni zetu za trafiki nazo zinataka kioo cha mbele kiwe cha usalama na kisimzuie dereva kuona barabara.

DadaWaGede

Samahani kwa swali la chini. Kuna video naona watu wanasugua kioo na dawa ya meno, mikwaruzo inapotea. Nimejaribu, siku ya kwanza iliniridhisha, kisha ikarudi.

MkaaMaweni

@DadaWaGede hakuna swali la chini hapa dada. Chembe za dawa ya meno ni laini, zimetengenezwa zisiumize jino. Kioo haziwezi kukishusha. Kilichotokea ni kwamba zilijaa ndani ya mkwaruzo zikaufunika, maji ya kwanza yakaziosha. Hujaharibu kitu. Polishi ya rangi ya gari nayo ni vivyo hivyo, hata iwe ghali namna gani.

KusiNaKaskazi

Niko Watamu, nina Subaru Forester iliyotoka Japani, ile yenye kamera mbili juu nyuma ya kioo. Kuna mikwaruzo myembamba upande wa juu, karibu na hizo kamera. Fundi mmoja kaniambia atapolishi kioo chote hadi juu. Mwingine kaniambia nibadilishe. Nimechanganyikiwa.

MkaaMaweni

@KusiNaKaskazi swali zuri, na litakuwa la wengi, maana magari tunayoruhusiwa kuingiza hayazidi miaka 8 na mengi sasa yana kamera.

Mbele ya kamera usiruhusu mashine ipite. Zile kamera zinapima umbali kwa kulinganisha picha mbili. Jicho lako linaweza kuvumilia kioo kilichopinda kidogo, kamera haijui kuvumilia, itapima vibaya. Basi kama mikwaruzo iko chini na kamera ziko juu, polishi chini, acha nafasi ya kutosha, funika sehemu ya kamera kwa tepu ya karatasi. Kama mikwaruzo iko mbele ya kamera zenyewe na taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi, hiyo ni kubadilisha. Na ukibadilisha, kioo kiwe cha gari lile lile lenye kamera, kwa sababu kile cha gari lisilo na kamera hakina nafasi yake. Baada ya hapo kamera zinapaswa kupangwa upya kwa kompyuta. Ulizia jambo hilo kabla ya kulipa: "Kamera mtazipanga nyinyi au niende wapi?" Akikutazama tu, tafuta mwingine.

TuktukYaShela

Na sisi wa tuktuk? Kioo changu kimefifia chote, kama kina moshi.

MkaaMaweni

@TuktukYaShela gonga kwa ukucha usikilize. Kikilia kama glasi, ni kioo, fuata yaliyosemwa juu. Kikilia butu na kikiwa chepesi, ni plastiki aliyoiweka mtu aliyekuwa na tuktuk hiyo kabla yako. Plastiki seriamu si dawa yake, na mashine ya kusugulia itaiyeyusha. Zipo polishi za plastiki, zile wanazong'arishia taa za mbele, lakini plastiki ya mbele ya dereva mimi ningeitoa nikaweka kioo halisi. Inakwaruzika kila siku na jua linaifanya njano.

NjiaYaGarsen

Nimefanya kile kipimo cha tochi. Wallahi ni kama ulivyosema, nyuzi duara kabisa kufuata waipa. Ukucha haunasi popote isipokuwa mstari mmoja mfupi chini, upande wa abiria. Nimeanza na raba mpya za waipa.

MokoweMjini

Nipo upande wa Lamu. Kwetu kisiwani magari ni ya kuhesabu, lakini Mokowe na Mpeketoni yapo mengi, na barabara ya Witu malori yanarusha kokoto. Mimi nilishapita hatua ya kupolishi, nilibadilisha. Sasa mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye dashibodi, na nikikimbia kioo kinapiga mluzi. Fundi aliyeniwekea alitumia silikoni nyeusi. Kioo chenyewe ni safi, sina mikwaruzo, lakini sina raha. Nifanye nini?

MkaaMaweni

@MokoweMjini pole sana kaka. Hili nitalikalia kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani ukishaamua kubadilisha umemaliza matatizo. Kubadilisha vibaya ni hatari kuliko mikwaruzo.

Kwenye magari ya sasa kioo cha mbele ni sehemu ya bodi. Gari likipinduka, kinasaidia kushikilia paa. Mfuko wa hewa wa abiria ukifyatuka, kwa magari mengi hupanda juu, ukagonga kioo, ndipo ukarudi kumkinga mtu. Kioo kisiposhikwa sawasawa kitasukumwa nje na mfuko utamfuata, na abiria atakuwa hana kinga. Ndiyo maana gundi yake ni poliurethani, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Silikoni ya bafuni inaziba maji kwa muda, haishiki kioo kwa nguvu hiyo. Na ubaya wake zaidi, ikishakaa, mabaki yake yanaizuia gundi halisi isishike.

Kwako wewe: kioo kitolewe. Silikoni yote ikwanguliwe, kwenye kioo na kwenye fremu ya chuma, isibaki hata utando. Kisha tazama ile fremu. Hapa pwani hewa ina chumvi, na fundi akitoa kioo cha zamani kwa kisu bila uangalifu anakwaruza rangi ya fremu. Chuma kikiachwa uchi, kutu inaanza chini ya gundi, haionekani, inakula polepole, na siku moja maji yanaanza kuingia. Kutu ikiwepo isuguliwe hadi chuma safi, ipigwe dawa ya kutu na praima, ikauke kabisa. Ndipo gundi ivutwe mkanda mmoja usiokatika kuzunguka fremu yote. Mahali mkanda ulipokatika ndipo maji yanapopita na ndipo upepo unapopiga mluzi.

Baada ya hapo gari lisitembee hadi gundi ishike. Muda umeandikwa kwenye bomba la gundi yenyewe, na unategemea joto na unyevu, kwa hiyo soma, usikisie. Siku hiyo acha dirisha moja wazi kidogo na usibamize milango, hewa ikibanwa ndani inakisukuma kioo kabla hakijashika.

Wenye Land Rover za zamani nyinyi mna raba badala ya gundi, maelezo haya si yenu yote. Lakini kutu ni ya wote.

MzeeWaMambrui

Vijana, shukran kwa elimu. Mimi nauliza habari ya bima. Nikibadilisha, wanalipa?

MkaaMaweni

@MzeeWaMambrui shikamoo mzee wangu. Kama bima yako ni ile ndogo ya kumlipa mtu wa tatu, hailipi kioo chako. Ikiwa ni bima kubwa, mara nyingi ina kifungu cha kioo cha mbele chenye kikomo chake cha pesa. Kioo kikizidi kikomo unaongeza mwenyewe. Fungua karatasi yako utafute kifungu hicho, na uwapigie simu kabla fundi hajagusa kitu, kwa sababu watataka picha za kioo kikiwa bado garini. Ila mikwaruzo ya uchakavu wa miaka si rahisi waikubali. Wanachokizoea ni jiwe na ajali.

FundiWaNgomeni

Nimerudi. Nilikwenda kwa mteja mmoja ambaye nilimfanyia kwa msasa mbele ya usukani, nikafanya kipimo cha nguzo ya stima. Upande mmoja umetulia. Upande mwingine waya unajikunja, si sana, lakini unajikunja. Yeye mwenyewe hakuwa ameuona, nilipomwonyesha akasema ndiyo maana jicho humchoka akienda Mombasa. Nimemwambia tutafute kioo na kazi ya kuweka nitamfanyia bure. Bado nasimama na msasa kwa upande wa abiria.

MkaaMaweni

@FundiWaNgomeni Mungu akubariki. Hapo sina la kuongeza.

DadaWaGede

Swali langu la mwisho. Jiwe limepiga kioo cha mume wangu, limeacha alama ndogo ya nyota, upana wa kama kifungo cha shati. Hiyo inapolishiwa?

MkaaMaweni

@DadaWaGede hapana, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Nyota ya jiwe haisuguliwi, inajazwa rezini, yaani gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu. Fundi anafyonza hewa iliyomo, anasukuma rezini hadi kwenye ncha za nyota, kisha anaikausha kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Alama hafifu itabaki, lakini ufa unazuiwa usitambae. Ikiwa iko mbele kabisa ya macho ya dereva, ile alama inayobaki inaweza kumsumbua, hapo fikirieni kubadilisha.

Haraka ndiyo muhimu. Leo hii abandike tepu safi juu yake, maji na vumbi visiingie, maana rezini haishiki penye uchafu. Asiliache gari juani kisha akamwagia kioo maji baridi, na kiyoyozi asikielekeze kwenye kioo kikiwa cha moto. Nyota ndogo hugeuka ufa kwa siku moja ya namna hiyo, na ufa ukifika ukingoni hakuna rezini.

KusiNaKaskazi

Fundi, nimeamua: chini napolishi, juu mbele ya kamera sigusi. Taa ya onyo haijawahi kuwaka. Je, kioo kikija siku ya kubadilisha nitajuaje kwamba ni kioo cha kweli?

MkaaMaweni

@KusiNaKaskazi tazama pembe ya chini ya kioo, kuna chapa. Kilichopitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa kina herufi E ndani ya duara pamoja na namba 43R. Kilichotengenezwa kwa soko la Marekani kina AS1. Kisicho na chapa yoyote usikipokee. Kitazame pia ukingoni: utaona vioo viwili na mstari mwembamba wa utando katikati. Na kabla hakijabandikwa, wakishike wima watu wawili, wewe utazame nguzo ya stima kupitia kwacho, kipimo kile kile. Kioo kipya nacho kinaweza kuwa kimepinda kikiwa cha bei ya kutupa, na kikishagundishwa hakuna atakayekurudishia pesa.